Kabla hujanunua lenzi nyingine: mwongozo kwa mpiga picha wa Lamu mwenye mfuko mwepesi

Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu alinijia na kamera shingoni na shilingi 15,000 kwenye simu. "Mama mdogo, ninunue lenzi gani?" Nikamwambia pesa azisahau kwanza, anifungulie picha zake. Alinuna kidogo, maana jibu alikuwa nalo tayari: 50mm f/1.8, ile inayosifiwa na kila anayefundisha kupiga picha mtandaoni. Tulikaa barazani mpaka adhana ya Alasiri, na alipoinuka hakuwa tena na uhakika. Haya ndiyo tuliyofanya siku ile, pamoja na mengine niliyojifunza mwenyewe kwa hasara.

Tukubaliane jina kwanza. Lenzi inayouzwa pamoja na kamera, ile ya 18-55mm kwa Canon na Nikon au 16-50mm kwa Sony, vijana wanaiita lenzi ya kiti. Jina limetoka ugenini na halina uhusiano na kiti cha kukalia, lakini mimi nalipenda hivyo hivyo. Ni kiti ulichokikuta nyumbani. Unakikalia mpaka ujue mgongo unakuuma wapi, ndipo uende kwa seremala ukiwa na la kumwambia.

Mimi napiga harusi za wanawake hapa Amu, yaani Lamu: siku ya hina, kupamba, ngoma za ndani. Ni kazi ya usiku, ndani ya nyumba, mwanga haba, na picha zisizotoka nje ya familia. Kadi ya kamera naikabidhi kwa mama wa bibi harusi kabla sijavaa viatu. Anayepiga mashua na mikoko atakuwa na shida tofauti na zangu, lakini njia ya kuamua ni ile ile.

Hatua ya 1: Hesabu picha zako mwenyewe

Chukua picha 300 za mwisho ulizozipenda au ulizolipwa. Siyo kila ulichopiga. Zile zilizobaki baada ya kufuta. Kila picha imebeba maelezo yake ndani ya faili: milimita za lenzi (chache ni upana, nyingi ni kufika mbali), namba ya f (ukubwa wa tundu la kuingiza mwanga), kasi ya shata (muda ambao mwanga unaachiwa kuingia), ISO (kiasi ambacho kamera inaukuza mwanga huo). Kwenye kamera, fungua picha kisha bonyeza kitufe cha maelezo mpaka namba zitokee. Kwenye kompyuta, fungua sifa za faili. Ipo pia programu ya bure iitwayo digiKam inayokuonyesha yote hayo kwa picha nyingi kwa pamoja.

Sasa chukua karatasi, uigawe safu tatu: picha za 18mm, picha za katikati, picha za 55mm. Piga vijiti kama unavyohesabu nazi, vinne na cha tano ukivikata. Pembeni ya kila kijiti andika ISO ikiwa imepita 1600.

Kazi hii inachosha, na ndiyo maana wengi wanaona afadhali wanunue lenzi.

Kwa yule binti, safu ya katikati ilikuwa karibu tupu. Ndani ya nyumba alikuwa 18mm kila mara, tena ISO 3200 na 6400. Nje, kwenye mashindano ya mashua na pale uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome, alikuwa 55mm kila mara, ISO 100 au 200. Maana yake ana shida mbili zisizofanana. Ndani anataka upana na mwanga. Nje anataka kufika mbali, na mwanga anao wa kumwaga. Ile 50mm aliyoitamani ndani haimpi upana, na nje haifiki mbali kuliko 55mm aliyonayo tayari. Nilimwonyesha karatasi nikanyamaza.

Usiharakishe kusema "basi, si jibu tumelipata". Huenda ulikuwa 18mm kwa sababu chumba ni kidogo, au kwa sababu ulikuwa mvivu wa kuzungusha mkono. Karatasi haijui tofauti hiyo. Itabidi uijue wewe, picha kwa picha.

Hatua ya 2: Zitenge picha mbovu kwa aina ya ubovu

Rudi kwenye ulizozifuta, kama bado zipo. Mtu akisema "lenzi yangu haina makali" huwa anachanganya magonjwa kadhaa chini ya jina moja, na kila moja lina dawa yake.

Kila kitu kikiwa kimevutika upande mmoja, ukuta na mtu pamoja, ni mkono wako uliotikisika. Kaza viwiko mbavuni, egemea nguzo, washa kizuia mtikisiko, au ongeza kasi ya shata. Ukuta ukiwa umetulia lakini mtu amekuwa moshi, ni yeye aliyekwenda. Hapo kizuia mtikisiko hakisaidii kitu, kwa sababu kinatuliza mkono wako, hakimtulizi anayecheza. Kwa mtu anayetembea taratibu mimi huanzia 1/125, kwa ngoma iliyopamba moto 1/250. Hili ndilo gonjwa la kwanza ambalo lenzi yenye tundu kubwa inalitibu kweli.

La pili ni chenga. Picha imetulia, lakini kivulini kumejaa punje kama televisheni ya zamani iliyokosa antena. Hiyo ni ISO iliyopandishwa kwa kukosa mwanga.

Sikio likiwa safi na jicho limefifia, fokasi imekwenda pasipo. Usiiachie kamera ichague yenyewe; tumia nukta moja ya katikati, iweke juu ya jicho, kisha upange picha. Nimeona watu wakiuza lenzi nzima kwa kosa hili.

Michirizi ya giza na mwanga, au rangi inayobadilika picha hadi picha mahali pale pale, ni taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za LED za bei nafuu, zile zinazofungwa kuzunguka jukwaa la bibi harusi, zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, shata ya kasi inaona. Rudi 1/100 au 1/50. Lenzi ya laki moja haitakuondolea michirizi hiyo.

Na picha nzima ikiwa imepauka kana kwamba umepiga kupitia leso nyepesi, tazama kioo cha mbele. Hapa kwetu upepo wenyewe una chumvi. Siku za Kusi, ukikaa saa moja tu bandarini, kioo kinapata utando. Kwanza puliza kwa kipulizio cha mpira, kisha brashi laini, ndipo kitambaa cha lenzi chenye unyevu kidogo. Ukianza na kitambaa kikavu unasugua chumvi na mchanga kwenye kioo. Ncha ya buibui na pindo la shati siyo vitambaa vya lenzi, najua utabisha.

Hatua ya 3: Jaribio la mlango

Kabla hujaihukumu lenzi yako, ipe kesi ya haki. Tafuta mlango wa nakshi ulio kivulini asubuhi, mtaa wa Mkomani hukosi. Mlango wa Kiamu ni kipimo kizuri kuliko karatasi yoyote ya majaribio: umenyooka, umesimama, na mfaa wa katikati umechongwa maua madogo madogo yanayoonyesha wazi kama kioo kinakata au hakikati. Omba ruhusa kwa mwenye nyumba. Weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, au juu ya baraza inayoelekeana nao. ISO 100, kizuia mtikisiko kizimwe, kipima muda sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise. Piga kwa namba ya f ndogo kabisa inayokubali, kisha f/5.6, f/8, f/16, f/22. Punda akipita, subiri. Yeye ana haki ya njia kabla yako.

Zifungue kwenye kompyuta uzikuze mpaka uone alama za patasi. Karibu kila mtu niliyemfanyia jaribio hili anashangaa kwamba ile f/8 ya lenzi ya kiti ni safi kabisa. Kwenye f/22 picha inalainika tena, na hiyo siyo kasoro ya lenzi yako: mwanga ukipenya tundu dogo mno hutawanyika, kwa lenzi yoyote ile.

Ikiwa f/8 ni safi na picha zako za kila siku siyo safi, tatizo liko hatua ya 2. Ikiwa upande mmoja wa mlango ni safi na wa pili umefifia hata kwa f/8, huenda kamera ilipata kuanguka na vioo vya ndani vimekaa upande. Basi nafuu yako kubwa ni kununua lenzi ya kiti nyingine ya aina ile ile, iliyotumika. Watu wengi wanaziuza zikiwa karibu mpya, kwa sababu wao hawakufanya jaribio la mlango.

Swali jingine la kujiuliza hapa: hizo picha zinaonekana wapi? Mteja mmoja alinilalamikia kwamba picha zangu hazina makali, kumbe alizipokea WhatsApp, na WhatsApp inabana picha mpaka nakshi inakuwa uji. Tangu siku hiyo natuma kama dokumenti, au natia kwenye flashi diski. Nusu ya hamu yangu ya lenzi mpya iliisha hapo.

Hatua ya 4: Hesabu ya mwanga

Namba ya f inakwenda kinyume: namba ndogo, tundu kubwa. Tena haiendi sawa kwa sawa. Ukitaka kujua lenzi mpya itakuongezea mwanga mara ngapi, gawanya f ya zamani kwa f mpya, kisha jibu ulizidishe kwa lenyewe.

Lenzi ya kiti kwenye 55mm inafungua f/5.6. Ukiiweka kando ya 50mm f/1.8: 5.6 gawanya kwa 1.8 ni 3.1, 3.1 mara 3.1 ni karibu 10. Mwanga mara kumi! Chumba kilichokulazimisha ISO 6400 sasa unakipiga kwa ISO 640, shata ile ile. Hiyo ni tofauti inayoonekana hata na bibi asiyevaa miwani.

Kwenye 35mm lenzi ya kiti inafungua kama f/4.5. Ukiwa na 35mm f/1.8 unapata mara 6 na ushei. Kwenye 24mm ni kama f/4, na Canon ana lenzi ndogo nyembamba ya 24mm f/2.8, hapo unapata mara mbili tu. Mara mbili siyo haba, lakini usitarajie muujiza.

Wapo wanaotamani zumu ya 17-50mm f/2.8 iliyotumika, ya Tamron au Sigma. Ni lenzi nzuri kwa kazi ya kulipwa. Ila angalia hesabu: kwenye 50mm inakupa mwanga mara 4, na kwenye 18mm, ambapo lenzi ya kiti tayari ni f/3.5, inakupa mara moja na nusu. Anayeishi 18mm analipa pesa nyingi kwa faida ndogo.

Na sasa hila ya bure kabisa. Lenzi ya kiti kwenye 18mm ni f/3.5, kwenye 55mm ni f/5.6. Ukibaki 18mm ukasogea mbele kwa miguu badala ya kuvuta zumu, umeongeza mwanga mara mbili na nusu bila kutoa senti. Usisogee mpaka puani pa mtu, maana 18mm kwa karibu inakuza pua na kumfanya bibi harusi asijitambue. Mita moja na nusu inatosha.

Kuna bei ya pili ya tundu kubwa ambayo haiandikwi dukani. Kwa 50mm f/1.8 kwenye kamera zetu za sensa ndogo (sensa ni kile kibamba cha ndani kinachopokea picha), ukisimama mita 1.5, sehemu inayokaa safi kutoka mbele kwenda nyuma ni kama sentimita 6. Sita! Mama akiinama kidogo kumrekebishia bintiye shungi, mmoja wao amefifia. Mwaka wa kwanza nilirudisha picha nyingi zenye bibi harusi safi na mama wa ukungu, na wa kulipa ni mama. Siku hizi watu wawili nawapiga f/2.8 au f/4, na familia nzima f/5.6. Yaani tumerudi kwenye namba ya lenzi ya kiti.

Hatua ya 5: Muulize boriti

Hapa ndipo ushauri wa wafundishaji wa mbali unapogonga ukuta, ukuta wa mawe hasa.

Vyumba vya nyumba zetu za kale ni virefu na vyembamba. Haikuwa mapenzi ya waashi tu. Dari inabebwa na boriti za mikoko, juu yake mawe na chokaa, na boriti ina kikomo cha urefu inaoweza kubeba mzigo huo bila kupinda. Kwa hiyo upana wa chumba unabaki baina ya mita 2.5 na 3 hivi, hata katika nyumba ya tajiri. Mkoko uliokatwa miaka mia mbili iliyopita ndio unaokuchagulia lenzi leo.

Fanya hesabu: urefu wa unachotaka kuonyesha, zidisha kwa milimita za lenzi, gawanya kwa urefu wa sensa. Sensa ya Canon za bei yetu ina urefu wa milimita 22.3, Nikon na Sony ni 23.5. Tuseme unataka mtu aliyesimama mzima, na nafasi kidogo juu na chini, jumla mita 2, kamera umeisimamisha wima.

Kwa 50mm kwenye Canon unahitaji mita 4.5. Kwa 35mm kwenye Nikon, mita 3. Kwa 24mm kwenye Canon, mita 2.2 hivi. Kwa 18mm, mita 1.6. Tena usisahau kwamba wewe nawe una mwili. Mgongo wako na kamera yako vinakula nusu mita. Katika chumba cha mita 2.8, 50mm haiwezi kumwonyesha mtu mzima kwa upana, na 35mm inakaribia lakini haifiki. Unaweza kupiga kwa urefu wa chumba, ikiwa njia haijazibwa na mashangazi, watoto na sahani za halwa.

Mtu nusu, kuanzia kiunoni, ni kama mita moja: 50mm inataka mita 2.2. Uso na mabega, sentimita 60: mita 1.3. Basi 50mm hapa Amu ni lenzi ya nyuso. Kwa nyuso ni tamu sana, na kwa hina iliyo mkononi pia, ingawa ile ya Canon haikubali kusogea karibu zaidi ya sentimita 35. Kwa chumba, kwa jukwaa, kwa kichochoro cha Langoni unachopishana na punda kwa kujibana ukutani, siyo yake.

Anayekaa nyumba mpya zenye ukumbi wa zege, au anayepiga Shela ufukweni, aipuuze hatua hii yote.

Hatua ya 6: Selotepu

Sasa ijaribu lenzi mpya kabla hujainunua. Zungusha zumu mpaka 50, uifunge kwa tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, isiyoacha gundi. Siku tatu piga kila kitu hivyo. Kisha siku tatu kwenye 35. Kisha siku tatu kwenye 24. Sony ya 16-50mm inazungushwa na mota na inarudi 16 kila ukiizima, kwa hiyo tepu haitoshi. Itabidi uwe mkali na nafsi yako na uitazame namba kwenye skrini.

Mwanga hautaongezeka, hilo tunalijua. Unachopima ni nafasi: mara ngapi umetaka kurudi nyuma ukakuta ukuta, mara ngapi umetaka kusogea ukakuta maji. Andika mara hizo. Siku ya pili ya 50mm, yule binti alinipigia simu kutoka njiani akilalamika kwamba hawezi kupiga chochote. Siku ya tano, kwenye 35, alisahau kupiga simu.

Hatua ya 7: Je, pesa hiyo haina kazi nyingine?

Kwa mfuko mdogo, mshindani wa lenzi ni flashi ya kuweka juu ya kamera. Ziko za Godox na Yongnuo zinazoendeshwa kwa mkono, bila akili nyingi ndani, na bei yake haitishi. Geuza kichwa chake upande, mwanga ugonge ukuta mweupe uliopakwa chokaa kabla haujamfikia mtu; unapata mwanga mpana na laini kama wa dirishani, na unaweza kutumia f/5.6 ukamweka safi bibi harusi, mama na nyanya. Usiielekeze juu. Wafundishaji wanasema "gongesha darini", lakini dari zao ni nyeupe na bapa. Boriti zetu ni nyeusi, zinameza mwanga, na ule unaorudi chini unarudi na rangi ya kahawa.

Flashi ina ubaya wake. Inakatiza shughuli, penye dua na kasida usiiwashe. Na wapo bibi harusi wasioipenda. Lenzi ya f/1.8 haisemi na mtu.

Betri ya pili na kadi ya pili sizijadili. Kama huna, vitangulie.

Hatua ya 8: Ukishaamua, linganisha mdomo

Lenzi na kamera hukutana mdomoni, na kila kampuni ina mdomo wake, wakati mwingine zaidi ya mmoja. Canon za kioo za kawaida (DSLR, zenye kioo cha kujitazamia ndani ya mwili) hupokea lenzi za EF na EF-S. Kamera mpya za Canon zenye mdomo wa RF hazipokei hizo bila adapta, na adapta nayo ni pesa. Lenzi za EF-S hazikai kwenye Canon za kioo zenye sensa kubwa. Kwa Nikon, mwili wa D3500, D5600 na ndugu zao hauna mota ya fokasi ndani. Lenzi za AF-D za zamani zina bei rahisi kwa sababu hiyo: zinakaa vizuri, picha inatoka, ila fokasi utazungusha kwa mkono usiku kucha. Tafuta zilizoandikwa AF-S. Ile ya 35mm f/1.8G DX, iliyotoka 2009, imetapakaa sokoni kama iliyotumika. Kwa Canon, 50mm f/1.8 inayofaa ni ya STM iliyotoka 2015. Ya kabla yake ina mdomo wa plastiki, na fokasi yake inalalamika kwa sauti ndani ya chumba kilichonyamaza.

Kuhusu vilivyotumika, nina hadithi fupi. Nilinunua lenzi kwa mtu wa Mombasa niliyempata mtandaoni. Picha alizonitumia zilikuwa safi, nikatuma pesa, lenzi ikaja na basi mpaka Mokowe, ikavuka na boti. Siku ya kwanza nilifurahi. Siku ya pili niliimulika na tochi ya simu nikaona utando kama wa buibui umejisambaza kwenye kioo cha ndani. Kuvu. Muuzaji alikuwa ameshabadilisha namba.

Kwa hiyo sasa nafanya hivi. Silipi mpaka lenzi imeshikwa na mtu wangu: binamu aliyeko Mombasa, rafiki aliyeko Nairobi, mtu yeyote mwenye simu na mwili wa kamera wa aina yangu. Yeye anafungua vifuniko vyote viwili na kumulika tochi kutoka nyuma huku akitazama kutoka mbele, akiigeuza geuza. Vumbi kidogo si kitu. Nyuzi, matawi, au ukungu mweupe, arudishe. Mkwaruzo mdogo wa kioo cha mbele huwa hauonekani pichani. Mkwaruzo wa kioo cha nyuma unaonekana. Azungushe pete ya fokasi asikilize mchanga. Aiweke kwenye kamera, apige picha tano kwa f/1.8 akilenga herufi za gazeti, kisha picha ya f/16 ahakikishe tundu linafunga. Anipigie video akiwa pale pale. Yote ni dakika 10. Asiyekubali dakika 10 za kutazamwa, mwachie lenzi yake.

Kuitunza ikishavuka bahari

Kuvu hupenda giza na unyevu, na Amu ina vyote viwili. Kabati la nguo ndilo mahali pabaya kuliko pote, na mfuko wa ngozi unalifuata. Mimi natumia debe la plastiki lenye kifuniko kinachokaza, la kuwekea biskuti, na pakiti za silika za kunyonya unyevu ndani yake. Usitumie mchele, una unga. Mara moja kwa wiki naitoa lenzi ipate hewa na mwanga, hata kama sina kazi.

Usibadilishe lenzi ndani ya mashua wala ufukweni Shela. Ingia ndani, au jikunje ndani ya leso, mdomo wa kamera ukitazama chini. Kwa ufukweni peke yake naweka filta ya kioo cheupe mbele, chumvi iliwe nayo. Usiku naitoa, kwa sababu taa za jukwaa zinajirudia ndani yake na kuota nyota za uongo juu ya kichwa cha bibi harusi.

Yule binti pesa zake bado anazo. Kamera yake nimeiona jana. Tepu ipo palepale kwenye 35, imeanza kuchakaa ncha. Nikamwambia si siku tatu zimekwisha? Akasema Alhamisi kuna kupamba Mkomani, nyumba ya kale, anataka kuona boriti zinasemaje kwanza. Ameazima flashi yangu, na bado hajairudisha.